Jela na Majina Yaliyo Jirani Nayo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, nayo inachapwa hapa kwa maombi ya waliohudhuria na wasiojaaliwa kuhudhuria)





Tumetakiwa tuzungumze juu ya neno moja, neno jela, na tofauti yake na maneno mengine yanayokaa jirani nalo. Huenda wako miongoni mwenu wanaojiuliza: Chama kina matatizo mangapi, na leo tunaitwa kuja kusomeshwa msamiati? Basi kabla hatujafika mbali, tunaona ni wajibu wetu kuanza kwa kukiri kosa, ili mjue kwa nini mazungumzo haya yameletwa.

Katika toleo moja lililopita la jarida letu hili, sisi tunaoliandika tulichapa kwa herufi kubwa kwamba vijana wetu watatu "wamefungwa jela". Tuliandika kwa uchungu, wala hatukuwa na nia mbaya. Siku ya tatu yake akaja ofisini mama wa mmoja katika vijana wale. Tulimkaribisha kiti, hakukaa. Akaiweka karatasi yetu juu ya meza, akatuuliza: "Nani aliyemfunga mwanangu? Hakimu gani? Kwa kosa gani? Kwa miaka mingapi?" Tukanyamaza. Akasema: "Mwanangu yuko rumande. Kesi yake haijasikilizwa hata siku moja. Waliomhukumu ni nyinyi." Kisha akatueleza kwamba watu waliokuwa wamekwisha kuipokea posa ya kijana yule walisomewa jarida letu, nao wakairejesha posa, wakisema kwamba wao hawana binti wa kumwoza mfungwa.

Ndugu zetu, polisi hawakumwita kijana yule mfungwa. Mwendesha mashtaka hakumwita mfungwa. Sisi, Chama chake, ndio tuliomwita. Tulimwomba radhi mama yetu siku ile, na leo tunamwomba tena mbele yenu. Lakini radhi bila ya kujirekebisha ni maneno matupu, na ndiyo sababu ya hotuba hii.

ASILI YA MAJINA

Wazee wetu wa kale hawakuwa na jela kwa maana tuijuayo leo. Walikuwa na pingu, walikuwa na minyororo, na walikuwa na mkatale, yaani gogo lililotobolewa ambalo mtu hutiwa miguu ndani yake asiweze kwenda popote. Kwa hiyo neno letu la asili la jambo hili ni kitendo, nacho ni kufunga. Mbuzi hufungwa, mzigo hufungwa, mlango hufungwa, na mtu hufungwa. Kifungo ni matokeo ya kitendo hicho. Tazameni kwamba lugha yetu haikuanza na nyumba: ilianza na mkono wa mwenye kufunga na mguu wa mwenye kufungwa. Kila kwenye kifungo pana aliyefunga, na swali la mama yetu, "Nani aliyemfunga?", limo ndani ya neno lenyewe.

Nyumba ilikuja baadaye, nayo ilikuja na majina ya kigeni. Wataalamu wengi wa lugha wanaona kwamba neno gereza tumelipata kwa Wareno, na kwamba kwao lilikuwa na maana ya kanisa. Huenda mtu akashangaa vipi kanisa likawa kifungo, lakini mwenye kuujua mwambao huu hashangai. Wareno walijenga nyumba zao za ibada pamoja na ngome zao, na watu wetu walioyatazama majengo yale kwa nje waliyapa jina moja. Ngome ya Kilwa Kisiwani mpaka leo inaitwa Gereza. Ngome Kongwe ya hapa Unguja ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kuondoshwa mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na baadaye ikatumika kufungia watu. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanzwa kujengwa mwaka 1593, Waingereza waliifanya jela ya serikali tangu mwaka 1895 hata mwaka 1958. Ngome ya Lamu nayo ilikuwa jela kwa zaidi ya miaka 70 ya karne ya 20. Basi neno gereza lilitembea safari tatu: kutoka nyumba ya ibada, kwenda nyumba ya askari, kwenda nyumba ya wafungwa. Kila safari kuta zilikuwa ni zile zile, na aliyebadilika ni mwenye ufunguo.

Neno jela tumelipata kwa Waingereza. Wamarekani, ambao walilichukua neno hilo hilo, wamelitenga kwa mahali pa wilaya au pa mji wanapowekwa watu wanaongojea kesi, pamoja na wenye vifungo vifupi, kwa kawaida visivyozidi mwaka mmoja. Na kwa wenye vifungo virefu wana neno jingine. Sisi hatukufanya hivyo. Tumelichukua neno moja tukalibebesha mizigo yote: aliyekamatwa jana usiku yuko jela, anayengojea kesi yuko jela, aliyehukumiwa yuko jela, na aliyezuiliwa bila ya kesi yuko jela. Punda mmoja amepakiwa gunia nne, na sisi tunastaajabu kwamba hafiki sokoni.

MANENO MANNE, HALI NNE

Tuyapakue basi magunia haya, tulitazame kila moja peke yake.

La kwanza ni kukamatwa, au kama wasemavyo watu wa serikali, kutiwa nguvuni. Huyu yuko kituo cha polisi, korokoroni. Aliyemtia humo ni askari, si hakimu. Hali hii sheria imeiwekea muda mfupi: mtu ama apelekwe mahakamani ama aachiwe. Anayekaa korokoroni siku nyingi bila ya kufikishwa mbele ya hakimu, basi yeye bado hajavunja sheria mpaka ithibiti, lakini anayemweka yuko karibu kuivunja au amekwisha kuivunja.

La pili ni rumande, na mtu wake huitwa mahabusu. Kwa Kiarabu mahabusu ni mtu yeyote aliyefungiwa; lakini katika Kiswahili cha mahakama limepata maana yake makhsusi, nayo ni mtu aliyekwisha kufikishwa mahakamani na kushtakiwa, ambaye kesi yake haijakwisha, naye ama amenyimwa dhamana ama ameikosa. Mahabusu analala chini ya paa moja na mfungwa, huenda akala chakula kimoja naye, lakini mbele ya sheria baina yao pana bahari. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara yake ya 13, inakataza aliyeshtakiwa asitendewe kama mkosa mpaka kosa lake lithibiti. Mahabusu ni mtu asiye na hatia aliye ndani. Haya si maneno ya Chama chetu. Ni maneno ya sheria wanayoisimamia wao wenyewe.

La tatu ni kifungo, na mtu wake huitwa mfungwa. Kifungo kina hakimu, kina kosa lililotajwa, kina hukumu iliyosomwa hadharani, na kina muda. Mfungwa anaijua siku yake ya kutoka, na anayo haki ya kukata rufaa. Mtu anaweza kufungwa kwa dhuluma, na historia imejaa mifano. Walakin hata dhuluma hiyo imeandikwa katika daftari la mahakama, na kilichoandikwa kinaweza kusomwa, kupingwa na kufutwa.

La nne ni kizuizi. Mtu wake hatuna hata jina tulilokubaliana juu yake; wengine humwita mzuiliwa, wengine husema tu "yuko kizuizini". Huyu hana hakimu, hana shtaka, hana hukumu, na hana muda. Amewekwa kwa amri ya mtawala, si kwa alilolitenda bali kwa linalokhofiwa kwamba huenda akalitenda. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1962 ilimpa Rais uwezo huo wa kumweka mtu kizuizini, na ikasema kwamba amri hiyo isihojiwe na mahakama yoyote. Hapa Visiwani, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, ilitolewa amri ya namna hiyo hiyo. Mfungwa huhesabu siku zilizobakia. Wa kizuizini huhesabu siku zilizopita tu, kwani hajui zilizobakia ni ngapi. Katika hali zote nne hii ndiyo nzito, nayo ndiyo yenye jina jepesi, kwani kuzuia ni neno tunalolitumia hata kwa mtoto anayeukimbilia mpira njiani.

MIFANO YA WATU

Isidhaniwe kwamba tofauti hizi ni za vitabuni. Tuwatazame watu.

Mzee Jomo Kenyatta alikamatwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mwezi wa Aprili 1953, huko Kapenguria, alihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu, akapelekwa Lokitaung. Mwezi wa Aprili 1959 kifungo chake kilimalizika. Je, alirudi kwao? La. Alihamishiwa Lodwar, na baadaye Maralal, akiwa chini ya amri ya kutotoka, na hakurejea nyumbani kwake Gatundu ila mwezi wa Agosti 1961. Ukisema kwamba Mzee Kenyatta alikaa jela karibu miaka tisa, umesema jambo ambalo kila mtu atalifahamu. Lakini umemsaidia aliyemweka, kwani umezifunika kwa nguo ya hukumu ile miaka miwili na zaidi ambayo hakuna hakimu aliyemhukumu kuikaa.

Mwaka huo huo wa 1959, tarehe 3 Machi, katika kambi ya Hola huko huko Kenya, watu 11 waliokuwa kizuizini walipigwa na walinzi mpaka wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema kwamba watu wale walikufa baada ya kunywa maji. Tazameni namna maneno yanavyofanya kazi pamoja: mahali hapakuitwa jela, paliitwa kambi, watu hawakuitwa wafungwa, waliitwa wazuiliwa, na kipigo hakikuitwa kipigo, kiliitwa maji. Jina la kwanza likikubaliwa bila ya kuulizwa, la pili hupita, na la tatu humkuta msikilizaji amekwisha kusinzia.

Tuje kwetu. Bwana Abdulrahman Mohamed Babu aliijua hali ya tatu na hali ya nne, zote mbili kwa mwili wake. Mwaka 1962, chini ya Waingereza, alishtakiwa kwa uchochezi, akahukumiwa kifungo cha miezi 15. Alikuwa mfungwa: hukumu ilisomwa, muda ulitajwa, akaumaliza, akatoka. Miaka kumi baadaye, baada ya kuuawa kwa Mzee Abeid Amani Karume mwezi wa Aprili 1972, alikamatwa Bara akawekwa kizuizini. Mwaka 1974 mahakama ya hapa Zanzibar ilimhukumu kifo naye hakuwepo mbele yake, na huko Bara akaendelea kuzuiliwa mpaka alipoachiwa mwaka 1978. Hatusemi haya kumtetea yeye au kumlaumu; mambo yake na siasa zake yana mahali pake. Tunasema kwamba mwenye kuandika kuwa Babu "alifungwa mara mbili" ameandika uwongo. Alifungwa mara moja.

Na mahabusu je? Bwana Seif Sharif Hamad, aliyekuwa Waziri Kiongozi, alikamatwa mwezi wa Mei 1989 na hakutoka mpaka mwaka 1991, bila ya mahakama yoyote kumpata na hatia katika kesi ile. Kisha wakaja wale watu 18 wa Chama cha Wananchi walioanza kukamatwa mwishoni mwa mwaka 1997, wakashtakiwa kwa uhaini, kosa lisilokuwa na dhamana. Walikaa rumande karibu miaka mitatu. Mwezi wa Novemba 2000 Mahakama ya Rufaa ikasema kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar, kwa kuwa uhaini hutendwa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, nayo ni Jamhuri ya Muungano. Maana yake ni kwamba kosa walilowekewa ndani halikuwepo tangu mwanzo. Na masheikh wa Jumuiya ya Uamsho, waliokamatwa kuanzia mwaka 2012 na baadaye wakashtakiwa Dar es Salaam kwa makosa ya ugaidi, waliachiwa mwezi wa Juni 2021 baada ya Mkurugenzi wa Mashtaka kuyaondoa mashtaka yao. Wengine miongoni mwao walikaa miaka inayopindukia saba. Ipo mikosi mingi ya wizi ambayo kifungo chake hakifiki miaka saba.

Basi hapa ndipo tunapolitambua gunia zito kupita yote tuliyolificha kwa kusema "jela" tu. Ukisema kwamba masheikh wale walifungwa miaka kadha wa kadha, msikilizaji atauliza: Walifanya nini? Ukisema kwamba walikaa rumande miaka kadha wa kadha, atauliza: Kwa nini kesi haikusikilizwa? Swali la kwanza linamwelekea mahabusu. Swali la pili linaielekea serikali. Neno moja tu limeyageuza macho ya watu kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwengine.

JINA BILA KITU, NA KITU BILA JINA

Visiwa vyetu vimejaaliwa mifano miwili ambayo hatudhani kwamba ipo pengine popote.

Wa kwanza ni kisiwa cha Changuu, kinachotazamana na Mji Mkongwe, ambacho wageni wanakiita Kisiwa cha Jela. Nyumba ya jela ilijengwa huko mwaka 1893 kwa amri ya Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa Sultani wakati ule. Lakini wafungwa hawakuwekwa. Nyumba ilitumika kuwa karantini ya wasafiri waliokhofiwa kuwa na maradhi. Leo watalii hupelekwa kwa mashua, wakaonyeshwa kobe, wakapiga picha mbele ya jela isiyopata kuwa na mfungwa. Hilo ni jina bila ya kitu.

Wa pili uko hapa hapa mjini. Baada ya Mapinduzi jela zetu zilibadilishwa jina zikaitwa Vyuo vya Mafunzo, na aliye ndani akaitwa mwanafunzi. Huko Bara jina lilibakia magereza. Tuwe waadilifu: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Fikra iliyo nyuma ya jina hilo si mbaya. Kusema kwamba aliyekosa apelekwe afundishwe, atoke na ufundi mkononi, arudi katika jamii akiwa mtu mwema, ni kauli ambayo mtu yeyote mwenye huruma ataiunga mkono, na wapo waliotoka huko wakiwa maseremala na mafundi. Lakini skuli ina sifa mbili: mtoto huingia kwa ridhaa ya mzee wake, na jioni hurudi nyumbani. Na iwapo mahabusu naye anawekwa katika Chuo hicho hicho, yeye anafunzwa nini, ilhali haijathibiti kwamba alikosa? Zama za baada ya Mapinduzi watu waliwekwa mahali ambapo wananchi, kwa khofu, walipapa jina la "Kwa Ba Mkwe". Mtu anayekwenda kwa baba mkwe wake hukaribishwa, hutandikiwa mkeka, huletewa maji. Watu wetu waliugeuza ukarimu ukawa mzaha mchungu, kwa sababu jina la kweli lilikuwa halitamkiki. Hicho ni kitu bila ya jina.

Na baina ya viwili hivyo liko neno la tatu, nalo ni uhamisho. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyelikalia jumba la Sultani mwezi wa Agosti 1896 mpaka likapigwa mizinga na Waingereza, alikimbilia Dar es Salaam kwa Wajarumani; na Waingereza walipomkamata wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza walimpeleka St Helena na Ushelisheli. Baadaye aliruhusiwa kurudi Afrika ya Mashariki, akafariki Mombasa mwaka 1927. Huko alikopelekwa hakuwa na mlango uliofungwa kwa kufuli; alikuwa na bahari. Sisi watu wa visiwa tunaijua bahari kuwa ni njia. Kwake yeye ilikuwa ni ukuta. Kwa hiyo, ndugu zetu, si lazima jela iwe na kuta.

MANENO YA KUTOKA

Kama vile kuna maneno ya kuingia, kuna maneno ya kutoka, nayo pia tunayachanganya. Aliyetoka kwa dhamana hajawa huru. Mashtaka yake bado yako mlangoni. Aliyefutiwa mashtaka ametoka, lakini hakuna hakimu aliyesema kwamba hana hatia. Aliyeachiwa kwa hukumu ya mahakama amesafishwa. Na aliyepewa msamaha amesamehewa, na hasamehewi ila aliyekosa.

Mara ngapi tumepiga vigelegele kwamba mwenzetu "amesamehewa", ilhali hakukosa? Twende tukajifunze kwa Nabii Yusuf, alayhi ssalaam. Alitiwa kifungoni kwa uzushi, akakaa humo miaka. Siku mfalme alipompelekea mjumbe atoke, hakukimbilia mlangoni. Alimrejesha mjumbe kwa bwana wake, ili kwanza waulizwe wale wanawake waliokata mikono yao, na jambo lake lidhihiri. Hakutoka mpaka ukweli uliposemwa mbele ya mfalme. Yeye alijua tofauti ya mlango kufunguliwa na jina kusafishwa, na alipendelea kubakia gerezani kwa siku nyengine kuliko kutoka akiwa na jina lenye doa.

WAJIBU WETU

Sasa tufanye nini? Hatutaki hotuba hii iishe kwa makofi. Tunapendekeza mambo matatu, na jarida hili limekwisha kuanza kuyatekeleza.

Kwanza, kila tawi liwe na daftari. Mwenzetu akichukuliwa, Katibu wa tawi asiandike "amefungwa". Aandike majibu ya masuala matano: Amechukuliwa na nani? Amewekwa wapi? Kwa shtaka gani? Amefikishwa mbele ya hakimu siku gani? Na ni nani mwenye uwezo wa kumtoa? Masuala hayo matano yakijibiwa, neno sahihi litajitokeza lenyewe. Yasipojibika, hilo nalo ni jawabu, na wakili apelekewe daftari siku hiyo hiyo.

Pili, tusimwite mtu mfungwa mpaka awe ni mfungwa kweli. Tusimwite hivyo jukwaani, tusimwite hivyo katika jarida, na khasa tusimwite hivyo barazani na kwenye harusi, kwani huko ndiko posa zinakorejeshwa. Adui akitusingizia, tunayo mahakama na tunayo midomo yetu ya kujitetea. Tukijisingizia wenyewe, nani atatutetea?

Tatu, tusione haya kulitumia neno lenyewe pale linapostahili. Akihukumiwa mwenzetu kwa kosa alilolitenda kweli, tuseme amefungwa. Tusimpambe kwa jina la mahabusu wa siasa. Chama kinachodai haki kwa maneno ya kweli hakina budi kuyakubali maneno ya kweli yanapokielemea. Tukiyapindisha leo kwa faida yetu, kesho hatutasadikiwa tutakaposema kwamba fulani yuko rumande bila ya haki.

Ndugu zetu, kabla ya kuja hapa tulikwenda kwa yule mama yetu. Tulimpelekea toleo jipya la jarida, lenye masahihisho katika ukurasa wa mbele, si chini ya ukurasa wa mwisho. Alilisoma kimya, akalikunja, akalitia ndani ya kanga yake. Kisha akatuambia kwamba atalipeleka mwenyewe kwa wale watu waliorejesha posa. Wakiikubali, ni kheri, na wasipoikubali, angalau watakuwa wameikataa kwa kijana mahabusu, hawakuikataa kwa mfungwa. Hatujui watamjibu nini. Tunajua kwamba tarehe ya kesi imekwisha kuakhirishwa mara nne, na kwamba siku ya tano tutakuwa mahakamani mapema, daftari mkononi. Tunakuombeni mje, mkae kimya kwa adabu, na mhisabu pamoja nasi.